Tiki Thelathini na Nane

Mwanamke huyu jina lake ni Nyamvula Changawa, lakini ukiliuliza jina hilo huku Port Reitz watu watakutazama tu. Sema Mama Tiki, na mtu ataacha shughuli zake akupeleke mpaka mlangoni, na njiani atakusimulia kisa cha jina lenyewe, kila mmoja kwa chumvi yake. Hapa kinasimuliwa bila chumvi, kwa sababu kisa kinajitosha, na pia kwa sababu mwenyewe yu hai na ana mdomo.

Alizaliwa upande wa Mariakani, mwaka ambao mvua ilinyesha mpaka watu wakasahau kuishukuru, ndiyo akapewa jina la mvua. Aliolewa na Gershom Lewa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Gershom wakati huo alikuwa kijana wa bandarini Kipevu, kazi yake kufunga kontena kwa vyuma juu ya meli, kazi ya watu wenye mikono na wasiojua kizunguzungu. Wakapanga vyumba viwili Port Reitz, wakazaa watoto wawili, Sarah akiwa wa kwanza, wakawalea, wakawaoza. Kisha macho ya Gershom yakaanza kumwibia, kwanza pembeni, halafu katikati. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba lau wangefika mapema kidogo lingefanyika jambo. Hayo maneno "mapema kidogo" Nyamvula hataki kuyasikia mpaka leo.

Miaka mitatu Gershom alikaa chumbani. Hakulia wala hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. Kazi yake ikawa kuuliza saa. Asubuhi atauliza saa ngapi, mchana atauliza saa ngapi, akijibiwa anatikisa kichwa kana kwamba ana miadi na mtu. Nyamvula alikuwa akitoka kwenda kazini Kipevu, katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo, anakopika chai na kupiga deki, na siku nzima roho yake iko nyumbani.

Kilichomwokoa Gershom si dawa. Kanisa lao lilifungua karakana ya wasioona, wanasuka viti na kukaza vitanda vya kamba. Karakana iko kwenye barabara ya ndani, ile inayopita kwenye kinu cha unga cha Babu, ikapita shuleni na zahanati, kisha ikaenda kuungana na barabara kuu kule mbele. Matatu za mtaa zote hupita hapo. Gershom alikataa kwenda mara tano. Mara ya sita akaenda kwa hasira, ili tu wanyamaze, na aliporudi jioni alikuwa na vidonda vya kamba vidoleni na njaa ya kweli kweli.

Tangu siku hiyo hakurudi nyuma tena. Hatua arobaini kutoka mlangoni, mkono wake ukifuata ukuta, yuko kwa Babu. Matatu inasimama, utingo aitwaye Brandon, kijana wa bara mwenye kelele nyingi na moyo mzuri, anaita, "Mzee Gershom, kiti chako ni hiki!" Matuta matano, kona moja, anashuka kwenye mlango wa karakana. Havuki barabara yoyote. Hashikwi mkono na mtu. Mume wa Nyamvula akarudi kuwa mume: akaanza kulalamika chumvi ni nyingi, akaanza kuuliza kwa nini shati halikupigwa pasi. Nyamvula alikuwa akiyasikia malalamiko hayo na kufurahi kimoyomoyo, mwanamke mzima, anafurahia kugombezwa kwa ajili ya pasi.

Basi mwaka jana ikaja habari kwamba njia za matatu zinapangwa upya. Ofisi iliyopewa kazi hiyo ilipendekeza magari yote ya Port Reitz yafuate barabara kuu moja kwa moja mpaka Changamwe, yasiingie ndani, ili safari iwe fupi na msongamano upungue. Mtu wa ndani atembee mpaka barabara kuu, avuke, apande. Kwenye karatasi ni mstari mmoja ulionyooka, mzuri wa kutazama. Barabara kuu yenyewe ndiko yanakopita malori ya kontena, yanakwenda Kipevu na kurudi, mchana kutwa, moja nyuma ya jingine. Mwenye macho mawili huivuka akimtaja Mungu.

Mkutano wa kutoa maoni ukaitwa katika ukumbi wa shule, siku ya kazi, saa nane mchana. Nyamvula aliomba ruhusa kazini, akajifunga leso ya Jumuiya ya Akina Mama, akaenda kupinga. Alijua fika anapinga nini. Matatu zikihama, Gershom atarudi chumbani kuuliza saa.

Sasa ni lazima uijue Jumuiya hiyo, la sivyo hutaelewa kosa lilivyotokea. Ni akina mama thelathini na wanane wa kanisa, na Nyamvula ndiye katibu wao, mwaka wa kumi na moja huu. Daftari lake lina safu mbili. Safu ya kwanza ni ya waliofika mkutanoni, ya pili ni ya waliokosa. Mwenye tiki katika safu ya pili, Jumamosi inayofuata anafagia uwanja wa kanisa peke yake, na uwanja huo una mti wa mkungu unaomwaga majani utadhani unalipwa. Nyamvula ana roho nyepesi. Huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni, yule kweli alikwenda harusini, lakini si harusi ya shangazi yake? Kwa hiyo, ukimtoa yule asiyeleta udhuru, kila mkutano kalamu yake hushuka safu ya kwanza kutoka juu mpaka chini, tiki, tiki, tiki, na mwenzake aliyekosa akisikia ametiwa tiki, kesho yake humletea mchicha. Mazoea yana taabu. Wahenga walilisema hilo wakiwa wamemwona mtu wa namna hii.

Ukumbini joto lilikuwa jingi, makreti ya soda yamepangwa kwenye kona, na msichana wa ofisi, Lynnette, alikuwa peke yake na ramani iliyokataa kukaa ukutani. Akamwona Nyamvula anavyosalimiwa na kila mtu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona wewe ndiye unayejulikana hapa. Utanisaidia kupitisha fomu, kila mtu ajaze?"

"Hilo tu? Lete."

Kila fomu ilikuwa na mistari ya watu wengi: nafasi ya jina, ya mtaa, ya nambari ya simu, na mwisho wa kila mstari visanduku viwili. Juu ya visanduku paliandikwa maneno, kwa Kiswahili kilichonyooka na herufi kubwa. Nyamvula hakuyasoma. Ayasome ya nini? Mtu aliyetia tiki miaka kumi na moja anajua kisanduku cha kwanza ni cha nini. Akaona pia kwamba akiwapitishia akina mama karatasi mmoja mmoja watachelewa, huyu hana miwani, yule anatafuta kalamu. Akatoa daftari lake mkobani, akanakili majina yote thelathini na manane na nambari zao za simu, kwa mwandiko wake wa duara unaosifiwa na kasisi. Waliokuwapo akawatia tiki. Wasiokuwapo akawatia tiki. Mkutano ni mkutano.

Halafu, hili ndilo watu hupenda kulirudia, akasimama akapinga. Alisema kwa dakika tano bila kumeza mate. Alisema kuhusu malori, kuhusu watoto wa shule, kuhusu wajawazito wa zahanati, na mwisho akasema kuhusu mume wake, sauti ikamkatika, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Lynnette mwenyewe alipiga makofi. Kisha wakanywa soda, Nyamvula akamkabidhi zile fomu zikiwa zimenyooka vizuri, akarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki tatu baadaye tangazo likabandikwa ukutani mwa kinu cha Babu. Waliojaza fomu walikuwa arobaini. Walioafiki mapendekezo, thelathini na wanane. Wasioafiki, wawili. Njia mpya itaanza mwezi ujao, na mwenye pingamizi afike ofisini Changamwe katika siku saba.

Watu wakajaa pale kinuni. Wale wawili walijulikana mara moja: Babu mwenyewe, na Ngumbao, mzee wa mtaa, ambao walijaza fomu zao kwa mkono wao kwa kuwa hawamwamini mtu. Lakini hao wengine ni akina nani? Nyamvula alikuwa amesimama mbele kabisa, leso imemteremka begani, anapiga kelele kuliko wote.

"Wasaliti hao tunakaa nao! Tunachota maji pamoja! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Nduku, jirani yake anayeuza mboga, mama wa Kikamba asiyependa makelele, alikuwa bado anasoma tangazo polepole. "Lakini Mama Sarah," akasema, "watu thelathini na wanane ni wengi. Watatoka wapi? Hata sisi wa Jumuiya wote, tukihesabiwa, si ndiyo thelathini na wanane?"

Nyamvula alijifunga leso yake vizuri, akasema amesahau sufuria motoni, akaenda zake.

Gershom alikuwa ameshapata habari kutoka kwa Brandon. Aliingia, akaketi, akanywa chai bila kulalamika kitu. Nyamvula alisubiri aseme neno lolote, hata la chumvi. Gershom akainua uso. "Saa ngapi sasa?" akauliza.

Kesho yake mawakala wa kutoa mizigo pale Kipevu walikunywa chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari, na kwa kuwa wanamheshimu, wakainywa. Mchana akakimbia Changamwe. Lynnette akamtolea zile fomu bila kinyongo. Mwandiko ule wa duara ulikuwa wake, hakuna wa kumsingizia. Na juu ya visanduku, kwa herufi ambazo hata Gershom angezisoma, paliandikwa NAAFIKI na SIAFIKI. Safu yote ya kwanza imejaa tiki, zimepangana vizuri kuliko maharage ya shambani.

"Mama, mimi nilishangaa," Lynnette akasema. "Ulipinga kwa nguvu vile. Nikadhani labda wenzako hawakukubaliana nawe, nawe ukawaandikia kwa uaminifu tu."

"Mwanangu, mimi nilidhani ni ya mahudhurio."

Lynnette akaziangalia fomu, akamwangalia Nyamvula. "Wote hawa walikuwapo siku ile?"

Swali lilikuwa jepesi na liliulizwa kwa upole, na Nyamvula akaangalia dirishani. Akisema ndiyo, basi wameafiki na mambo yamekwisha. Akisema hapana, amekiri kwamba aliandika kwenye karatasi ya ofisi majina ya watu wasiokuwapo, na amesikia watu wamelala ndani kwa makosa madogo kuliko hilo. Tena jina lake litapita mtaani na kanisani, mwanamke mwenye umri wake. "Nitarudi," akasema, na akaondoka haraka hata akasahau mwavuli.

Siku mbili alizunguka na siri hiyo. Siku hizo hizo alikaa kazini wakati wa mapumziko akaandika barua, akaiweka mkobani, asimwambie mtu. Kisha ikafika Jumamosi, mkutano wa Jumuiya. Mficha uchi hazai, akajisemea, na alipofungua daftari hakutia tiki yoyote. Akasimama.

"Ndugu zangu, nina neno. Nikilianza msinikate mpaka nimalize, kwa sababu nikikatwa sitaweza kulianza tena."

Akalisema lote. Alisema jinsi alivyonakili majina, na kwamba tangazo la kinuni si kazi ya msaliti, ni kazi yake. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema na la daftari, kwamba miaka yote hii amekuwa akiwatia tiki waliokosa. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Eddah, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo.

"Yaani mimi nimefagia majani ya mkungu ule mara tatu mwaka huu mpaka kiuno kikaniuma, na kumbe wenzangu wanatiwa tiki wakiwa harusini Rabai?"

"Wewe hukuwa ukileta udhuru, Mama Eddah."

"Udhuru wa nini? Nilidhani daftari ni la haki!"

Jibu la kweli ni kwamba Nyamvula hakuwahi kumpenda sana Mama Eddah. "Nimekukosea," akasema. "Nisamehe."

Mama Eddah hakusema amesamehe. Alivaa miwani, akalichukua daftari na nakala ya fomu ambayo Nyamvula alikuja nayo kutoka Changamwe, akaanza kupitia jina moja moja kidole kikiwa chini yake, huyu alikuwapo, huyu hakuwapo, huyu hakuwapo. Ghafla kidole kikasimama.

"Kafedha," akasema.

Kila mtu akainama. Kafedha walimzika mwezi wa tatu. Alikaa karibu na Nyamvula katika benchi lile lile miaka kumi na tisa, na ile miaka ya Gershom kukaa chumbani, yeye ndiye aliyekuwa akipita kila adhuhuri kumpashia Gershom chakula moto, Nyamvula akiwa kazini. Walikubaliana wote jina lake lisifutwe daftarini mpaka kaburi lijengewe. Hilo la jina walikubaliana. La tiki hawakujua.

"Tangu mwezi wa tatu?" Mama Eddah akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya kufagia majani. "Kila mkutano?"

"Kafedha hakukosa mkutano hata mmoja maisha yake," Nyamvula akasema. "Nitamwandikaje kwamba amekosa?"

Akalia pale mbele yao, na wengine wakalia naye, na Mama Eddah akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Nduku ndiye aliyewaokoa. "Kwa hiyo hata marehemu ameafiki matatu zifuate barabara kuu," akasema. "Sasa yeye ana haraka ya kwenda wapi?" Wakacheka huku machozi yanawatoka, kicheko cha kuumiza mbavu, mpaka kasisi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Mama Eddah akagonga meza. "Jumatatu asubuhi tunakwenda Changamwe. Wote. Na atakayekosa atafagia, safari hii tiki ninatia mimi."

Jumatatu ofisi ile iliingiwa na leso thelathini na saba za rangi moja. Lynnette alipowaona alisimama, akaenda moja kwa moja kumwita mkubwa wake, Bwana Katana, mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. Nyamvula aliwapita wenzake akasimama mbele ya meza.

"Mimi ndiye niliyejaza. Waliokuwapo sikuwauliza, na kumi na mmoja hawakuwapo. Na mmoja wao, baba, amekwisha fariki."

Bwana Katana alisimamisha kalamu. "Amefariki baada ya mkutano?"

"Kabla. Tulimzika mwezi wa tatu."

Alizipitia karatasi moja moja. Nyamvula alimsikia Mama Eddah nyuma yake akivuta pumzi. Kisha Bwana Katana akazikusanya fomu zote, akazigonga mezani zikanyooka, akazipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Karatasi yenye jina la marehemu siwezi kuipeleka popote," akasema. "Hizi zimefutika. Na waliobaki ni watu wawili, siwezi kubadilisha njia ya mtaa mzima kwa maoni ya watu wawili. Tutaita mkutano wa pili, na kila mtu atajaza kwa mkono wake."

"Na mimi?" Nyamvula akauliza kwa sauti ndogo. "Mtanifanya nini?"

"Wewe, mama, katika mkutano huo usishike kalamu."

Alitoka nje akashika ukuta. Kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, shingo ilikuwa nyepesi hata hakujua aiweke wapi. Jambo lenyewe lilikuwa halijakwisha, njia bado inaweza kuhama, lakini angalau isingehama kwa mkono wake. Mama Eddah alikuja akasimama kando yake, akampa mwavuli wake uliosahauliwa, na wakaenda kupanda gari pamoja bila kusema mengi. Tangu siku hiyo wanakaa benchi moja.

Mkutano wa pili ulijaa mpaka madirishani. Jina la Mama Tiki lilikuwa limekwisha kuzaliwa, watoto wa shule walikuwa wanaliimba, na Nyamvula alikaa nyuma mikono imefungwa kifuani ili kila mtu aione haina kalamu. Gershom alikuja mwenyewe, akiwa ameletwa na Brandon. Zamu yake ilipofika alisimama, akageuza uso palipotoka sauti ya Bwana Katana.

"Jina langu ni Gershom Lewa. Nimefunga kontena Kipevu miaka ishirini na miwili, kwa hiyo lori lililobeba kontena ninalijua. Halisimami kwa sababu mtu ameinua mkono. Linataka nafasi. Mimi silioni, na dereva wake, kwa vile amekaa juu kule, nikiwa karibu na bampa lake naye hanioni. Sasa tukiwa vipofu wawili katika barabara moja, mnafikiri nani ataumia? Ni hilo tu. Asanteni."

Akaketi. Bwana Katana aliandika kwa muda mrefu, na wiki hiyo watu walimwona mara mbili amesimama peke yake kando ya barabara kuu, suruali imejaa vumbi, akitazama malori yakipita na watoto wa shule wakingoja kuvuka.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na tano. Nyamvula alikuwa kinuni kwa Babu, na matatu ya Brandon ilikuja inapiga honi tangu kwenye kona.

"Mathe! Mama Tiki! Imeisha hiyo! Mabasi makubwa yanaenda huko barabara kuu, sisi wadogo tunapita ndani kama kawaida! Imeandikwa na muhuri!"

Nyamvula alikaa juu ya gunia la mahindi la mtu. Alisema asante Mungu, akasema tena, akasema tena, na Babu akazima mashine ya kinu, jambo ambalo halifanyi hata kwa mazishi, ili mama wa watu alie kwa raha zake. Alilia, kisha akacheka, kisha akakumbuka unga wake.

Jioni Gershom alishuka, akahesabu hatua zake, akaingia. Alikuwa anapiga mluzi. Nyamvula alimwekea chai, akaketi mbele yake, akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Baba Sarah, kuna jambo sijakwambia."

"La tiki?"

Kitambaa kikasimama. "Nani amekwambia?"

"Nyamvula, mimi nimepofuka, sijawa kiziwi. Nduku akinong'ona anasikika mpaka Miritini. Na mkutano mzima ulikuwa ukimwita Mama Tiki, ulitaka nidhani wanamwita nani?"

"Na hukuniuliza."

"Nilingoja uniambie."

Akanywa chai yake. Nyamvula alimwangalia uso ule uliokuwa umetulia, na haya zikamwisha, kikabaki kitu kimoja kilichokuwa kinamkereketa tangu siku ya tangazo. "Siku ile uliponiuliza saa," akasema, "uliogopa, nilikuona. Ulikuwa unaogopa malori?"

"Malori nayajua." Gershom alikizungusha kikombe mkononi. "Nilikuogopa wewe. Nilijua utaacha kazi. Utanishika mkono kila asubuhi, utanivusha, utaningoja, utanirudisha, na hutalalamika hata siku moja. Macho ni yangu, Nyamvula. Sikutaka yakupofushe na wewe."

Nyamvula angeweza kunyamaza jambo likapita, lakini alikuwa amechoka na siri.

"Barua ya kuacha kazi nilikwisha iandika," akasema. "Bado sijaipeleka."

"Iko wapi?"

"Mkobani."

"Ilete."

Akaileta. Gershom aliipapasa bahasha pande zote, akaikunja katikati, akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa nene na ngumu. Kisha akainama chini ya meza, akatafuta kwa vidole ule mguu mfupi unaoyumba tangu wahamie nyumba hiyo, akaichomeka hapo. Akaishika meza kwa mikono miwili akaitikisa. Ikatulia.

"Haya," akasema, "niongeze chai. Na sukari uliyotia leo ni ya mgonjwa."